Kufundisha hesabu za dozi na sumu kwa wanafunzi wa udaktari wa mifugo: hatua ninazozifuata

Nimeandika mwongozo huu baada ya kumsaidia mwalimu kijana aliyekabidhiwa somo la famakolojia na elimusumu katikati ya muhula. Ni wa kipindi cha vitendo, kwa wanafunzi waliokwisha kuisoma nadharia. Hauhitaji mnyama hata mmoja.

Hatua ya 1: Vifaa

Lebo halisi za dawa, mabomba ya sindano ya ukubwa tofauti, maji, silinda ya kupimia, futi ya kupimia kifua cha ng'ombe. Projekta iache ofisini. Hesabu ya dozi hufundishwa ubaoni kwa chaki, taratibu, mwanafunzi akiona kila mstari unavyozaliwa.

Hatua ya 2: Waondoe kwenye mililita, warudi kwenye miligramu

Wengi hufika darasani wakiwa wameshika kauli za mtaani kama "mililita moja kwa kilo ishirini". Andika ubaoni: asilimia 1 ni gramu 1 ndani ya mililita 100, yaani miligramu 10 kwa mililita. Halafu wape ivermektini, dawa ya minyoo na vimelea vya ngozi, ya asilimia 1 kwa dozi ya miligramu 0.2 kwa kilo. Wakifanya sawasawa watapata mililita 1 kwa kilo 50. Kisha buparvakwoni ya asilimia 5 kwa ndigana kali, miligramu 2.5 kwa kilo: mililita 1 kwa kilo 20.

Malizia na oksitetrasaiklini, dawa ya kuua bakteria. Ya asilimia 10 kwa miligramu 10 kwa kilo, na ile ya asilimia 20 inayokaa mwilini muda mrefu kwa miligramu 20 kwa kilo, zote hutoa mililita 1 kwa kilo 10. Ujazo ni uleule, ila mnyama mmoja amepata dawa mara mbili ya mwenzake. Hapo ndipo wanapokubali kwamba mililita peke yake haiwaambii kitu.

Hatua ya 3: Pakiti ya diminazini

Hapa tenga muda wa kutosha, hata kama itabidi hatua nyingine zisubiri. Dawa ya unga ndiyo inayowaangusha wanafunzi wazuri.

Chukua ile pakiti ndogo ya gramu 2.36 ya diminazini, dawa ya kutibu nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o. Swali la kwanza: ina dawa kiasi gani? Wengi watajibu miligramu 2,360. Usiwasahihishe kwa mdomo, waambie wasome lebo. Diminazini ni gramu 1.05 tu, na gramu 1.31 zilizobaki ni fenazoni, ambayo haiui vimelea. Dozi ni miligramu 3.5 kwa kilo, kwa hiyo 1,050 gawanya kwa 3.5: pakiti moja inatosha kilo 300. Aliyehesabu kwa 2,360 ataona inatosha kilo 674, ataigawia ng'ombe wawili wakubwa, na kila mmoja atapata chini ya nusu ya dozi. Vimelea havitakufa, vitazoea dawa, na mfugaji ataambiwa dawa ilikuwa feki.

Swali la pili ni gumu zaidi. Lebo inasema changanya na maji mililita 12.5. Mwanafunzi hodari atagawa 1,050 kwa 12.5, apate miligramu 84 kwa mililita, na hesabu yake haina kosa. Lakini unga nao unachukua nafasi. Ukishayeyuka, ujazo unapanda hadi karibu mililita 15, na dawa ni miligramu 70 kwa mililita, yaani asilimia 7. Akimpiga ng'ombe wa kilo 300 mililita 12.5, amempa miligramu 2.9 kwa kilo badala ya 3.5.

Usiwaambie hili kabla hawajaliona. Wape unga wowote unaoyeyuka, hata chumvi, wapime maji kwenye silinda, wamimine unga, wakoroge, wasome tena. Kila pakiti isomwe upya, kwa kuwa viwanda hutofautiana. Na wakumbushe kwamba hesabu hii ni ya ng'ombe: ngamia na mbwa hudhurika na diminazini upesi zaidi.

Hatua ya 4: Uzito

Kadiria uzito kwa futi ya kifua, kila mara. Macho hayapimi.

Hatua ya 5: Sumu ya dawa za kuogeshea

Toa kisa: ng'ombe wa kilo 300 ametoka kuogeshwa, anatokwa na mate na machozi, anaharisha, mboni zimesinyaa, misuli inatetemeka. Wataitaja oganofosfeti, aina ya dawa za kuua kupe, na watataja atropini, dawa ya kuzuia sumu yake. Sasa wahesabu. Kwa miligramu 0.25 kwa kilo anahitaji miligramu 75. Waulize wana atropini gani mkononi. Kama ni ampuli za miligramu 1, zinazotumika hospitali za binadamu, ni ampuli 75. Kama ni ya mifugo ya asilimia 1, ni mililita 7.5. Robo ya dozi huingia kwenye mshipa polepole, iliyobaki chini ya ngozi au kwenye msuli. Sisitiza kwamba atropini haitazuia mtetemeko wa misuli, na kwamba dawa iliyobaki kwenye ngozi ioshwe kwa maji na sabuni, muoshaji akiwa amevaa glavu.

Kisha badilisha kisa: ng'ombe amesinzia, moyo unapiga polepole, tumbo limetulia na kujaa gesi. Hii ni amitrazi, aina nyingine ya dawa ya kuogeshea. Wengi watakimbilia tena atropini kwa sababu ya moyo, wakati inazidi kulituliza tumbo. Kinachohitajika ni yohimbini au atipamezoli, dawa zinazopinga amitrazi. Kwa hiyo swali la kwanza kwa mfugaji liwe: kopo liko wapi? Amitrazi hatuipaki punda wala farasi kabisa, huwafungia utumbo.

Hatua ya 6: Mtihani

Mpe kila mmoja lebo asiyoiona kabla, uzito wa mnyama, na bomba la sindano. Avute maji kiasi anachoamini ni sahihi, aandike njia yake, na aseme maziwa yenye mabaki ya dawa yatamwagwa siku ngapi kwa mujibu wa lebo. Anayekosea nukta ya desimali hapati alama ya nusu. Anarudia wiki inayofuata kwa lebo nyingine.