Kuku wa Kula Nyumbani: Nani Ale Kipande Gani, na Kwa Nini

Vipande vya kuku mmoja havilingani kwa lishe. Kidari, paja, maini na firigisi kila kimoja kina chake, na mfugaji anayechinja kuku kwa ajili ya familia akilijua hilo, kuku yule yule atawafaa zaidi watu wa nyumbani mwake bila gharama ya ziada.

Tuanze na protini, maana ndiyo sababu kubwa ya kula kuku. Gramu 100 za kidari kilichopikwa bila ngozi zina protini takriban gramu 31, na mafuta yasiyofika gramu 4. Mtu mzima anahitaji kwa siku takriban gramu 0.8 za protini kwa kila kilo ya uzito wake, hivyo mwenye kilo 60 anahitaji kama gramu 48. Kipande cha ukubwa wa kiganja kinamvusha nusu ya mahitaji hayo. Tena protini hiyo ni kamili: ina asidi amino (viungo vinavyojenga protini) zote 9 ambazo mwili hauwezi kujitengenezea. Nafaka nyingi zina upungufu wa lisini, mojawapo ya asidi hizo, na nyama ya kuku ina lisini tele. Ndiyo maana hata vipande vichache vya kuku vikiliwa pamoja na nafaka vinainua ubora wa mlo mzima.

Kidari pia kina niasini nyingi, ambayo ni mojawapo ya vitamini B zinazousaidia mwili kugeuza chakula kuwa nguvu. Gramu 100 zinakaribia kutosheleza mahitaji ya mtu mzima kwa siku nzima. Kuna vilevile vitamini B6, na madini ya fosforasi na seleniamu.

Lakini wanaodai kwamba kidari ndicho kipande bora kwa kila mtu wanakosea. Nyama ya paja ni nyeusi zaidi kwa sababu misuli ya miguu hufanya kazi siku nzima, hivyo huweka maioglobini nyingi, protini yenye chuma inayohifadhi oksijeni. Ina protini pungufu kidogo, kama gramu 25, na mafuta zaidi, ila zinki yake ni takriban mara mbili ya ile ya kidari. Zinki ni madini ya ukuaji na ya kinga ya mwili. Kwa mtoto anayekua au mgonjwa anayepata nafuu, mimi ningempa paja, na kidari ningemwachia anayepunguza uzito.

Kuhusu madini ya chuma, tuseme ukweli: nyama ya kuku haina chuma kingi, ni takriban miligramu 1 tu katika gramu 100. Faida yake ni kwamba sehemu ya chuma hicho ni ya aina inayofyonzwa kwa urahisi, na nyama yenyewe huusaidia mwili kufyonza chuma kilichomo kwenye maharage na mboga za majani zilizoliwa pamoja nayo. Kwa hiyo usimle kuku peke yake ukaacha mboga kando.

Chuma kingi kimo kwenye maini. Gramu 100 za maini ya kuku yaliyopikwa zina chuma kama miligramu 11, foleti nyingi (vitamini B inayosaidia kutengeneza damu), vitamini B12 inayopita mahitaji ya siku kadhaa, na vitamini A kwa wingi mkubwa. Nasikitika kila nikiona maini yakitupwa, au yakiliwa na mtu mzima mwenye afya njema huku nyumbani kuna msichana aliyebalehe anayepoteza damu kila mwezi. Yeye ndiye anayeyahitaji zaidi. Unapoyatoa, shika kifuko cha nyongo, kile cha kijani kibichi kilichoshikamana na ini, ukikate pamoja na kipande kidogo cha ini kinachokizunguka. Kikipasuka, uchungu wake huenea kote.

Maini yana mipaka yake pia. Vitamini A ikizidi, inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, hasa katika miezi 3 ya mwanzo. Mjamzito asiyafanye kitoweo cha kila mara. Paja na firigisi zinamfaa zaidi. Mtoto mdogo naye anatoshwa na kijiko kimoja au viwili vya chai vya maini yaliyopondwa, mara moja kwa wiki.

Firigisi hudharauliwa bure. Ikipikwa polepole mpaka ilainike, ina protini karibu gramu 30 katika gramu 100, mafuta kidogo, na zinki kuliko hata paja.

Ngozi ndiyo yenye mafuta mengi. Kidari kilichookwa na ngozi yake kina mafuta mara mbili ya kisicho na ngozi. Asiyetaka mafuta si lazima aiondoe mapema: pika nayo ili nyama isikauke, kisha ivue wakati wa kula. Mtoto mwembamba mwenye hamu ndogo ya chakula, kwake mafuta hayo ni nguvu anayoihitaji.

Sasa watoto wachanga. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 unataka watoto wa miezi 6 hadi 23 wapate kila siku chakula kitokanacho na wanyama, kama nyama, samaki au mayai. Nyumba nyingi humpa mtoto mchuzi na nyama wakala wakubwa. Mchuzi una ladha na sehemu ya vitamini B zilizotoka kwenye nyama, lakini protini, zinki na chuma kwa sehemu kubwa hubaki kwenye nyama yenyewe. Chagua paja lililoiva sana, ondoa ngozi, mfupa na mishipa, katakata ukikingamisha nyuzi ili zisiwe ndefu, halafu ponda na mchuzi kidogo mpaka uji wake uteremke taratibu kwenye kijiko. Pitisha vidole mara ya mwisho kutafuta vijifupa.

Wengi huuliza kama kuku wa kienyeji ana lishe kuliko wa kisasa. Protini zao zinakaribiana. Wa kienyeji huwa na mafuta kidogo na nyama ngumu kwa kuwa ametembea na amekua kwa muda mrefu. Kuku wa nyama hufikia kilo 2 kwa wiki 5 hadi 6 kutokana na uzao wake na chakula anacholishwa. Unjano wa mafuta na ngozi hutokana hasa na majani na mahindi ya njano.

Linalonihangaisha zaidi ni dawa. Kila antibayotiki ina siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye kifungashio, na kabla siku hizo hazijaisha kuku asichinjwe wala mayai yake yasiliwe. Andika tarehe ya kipimo cha mwisho kwenye kadi ya banda. Kuku mgonjwa au aliyekufa mwenyewe haliwi, hata kama hasara inauma. Siku ya kuchinja, mnyime chakula kwa saa 8 hadi 12 lakini umwachie maji, ili matumbo yawe matupu na uchafu usimwagike juu ya nyama.

Jikoni, nyama mbichi ikishatoka kwenye usafi wa machinjioni, usiisuuze tena chini ya bomba: matone hurusha vijidudu vya maradhi viitwavyo salmonela na kampilobakta kwenye vyombo na mboga. Joto ndilo linaloviua, nalo lifike nyuzi 74 ndani ya sehemu nene, pale paja linapoungana na kiuno. Rangi ya nyama pekee haitoshi kuthibitisha, na kipimajoto kidogo cha jikoni kinafaa kuwa nacho. Ubao na kisu vilivyotumika kwa nyama mbichi vioshwe kwa sabuni kabla ya kukata kachumbari. Nyama iliyopikwa isikae nje zaidi ya saa 2. Ikiwekwa kwenye friji yenye nyuzi 4 au chini yake hudumu siku 3 hadi 4, na kiporo kipashwe mpaka kitoe mvuke kote.