Jinsi ya kuanza ushirikiano wa kusaidia kina mama wahamiaji na watoto wao

Kabla hamjaitisha mkutano wowote, tafuteni kwanza kina mama wenyewe, hata wawili watatu, muwaulize wanakwama wapi. Nyie mmeshapanga darasa la lugha kumbe mama anachokosa ni mtu wa kumshikia mtoto ili afike hilo darasa, basi anzieni hapo, chumba cha watoto kiwe jengo lilelile na saa zilezile, sio mtaa wa pili.

Wadau wasiwe wengi. Shule, kliniki, nyumba ya ibada wanayoiamini na mwanasheria wa mambo ya uhamiaji wanatosha kuanzia. Kila upande utoe mtu mmoja anayejulikana kwa jina na namba ya simu, maana mama akiambiwa tu "nenda ofisini" atazungushwa dirisha hili dirisha lile mpaka akate tamaa. Mara ya kwanza asindikizwe.

Kwenye ukalimani nasisitiza kabisa: msimtumie mtoto. Najua ni rahisi, mtoto kashaijua lugha na yupo hapo hapo, lakini hebu fikiria mtoto wa miaka 10 anamtafsiria mama yake kwa daktari habari za mimba iliyoharibika au kipigo cha nyumbani, mama atayameza na mtoto atabeba mzigo usio wake. Mume naye asiwe mkalimani. Tafuteni mwanamke aliyefunzwa kazi hiyo, asiye ndugu, na mumlipe.

Alafu kuna usiri. Andikianeni kabisa nani anaruhusiwa kuona taarifa gani, na habari za vibali msiulize kama huduma haizihitaji, maana ikivuma tu kwamba mnaorodhesha majina hamtawaona tena.

Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989 unasema elimu ya msingi iwe bure kwa kila mtoto, kwa hiyo asikalishwe nyumbani eti karatasi hazijakamilika. Kadi ya chanjo imepotea? Shule ipige simu kliniki mliyoungana nayo, mtoto apangiwe chanjo upya huku anaendelea kusoma.

Kina mama waliotangulia kufika waingie kwenye kamati na wawe na kauli kwenye bajeti, nauli zao warudishiwe siku hiyohiyo. Matangazo tumeni kwa sauti kwenye WhatsApp kwa lugha zao, sababu wapo ambao hata hiyo ya kwao hawakupata nafasi ya kujifunza kuisoma.