Kutuliza kituo cha kunasa radi nyumbani Tanga

Mwenye kituo kipya cha kunasa radi, yaani kipokezi cha redio kinachotambua radi zinapopiga, huanza kwa kuongeza ukuzaji wa amplifaya (kifaa kinachoongeza nguvu ya ishara), akidhani kwamba chombo kikisikia vitu vingi zaidi ndivyo kitakavyonasa radi nyingi zaidi. Nami nilianza hivyo hivyo nyumbani kwetu Makorora, na kwa wiki nzima kituo changu kikawa kinahesabu taa ya barazani kwa jirani. Wahenga walisema kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Katika kazi hii zinamzuia kabisa, kwa hiyo tunaanza na kuwanyamazisha vyura, na ukuzaji tunauacha uje mwisho.

Radi inapopiga hutoa wimbi la redio la masafa ya chini sana, ambalo nguvu yake kubwa iko karibu na kilohezi 5 hadi 10, na wimbi hilo huweza kusafiri maelfu ya kilomita likidundadunda kati ya ardhi na tabaka la juu la angahewa. Antena ya fimbo mbili za feraiti (kauri yenye chuma inayokusanya mawimbi) zilizopangwa msalaba hulipokea, amplifaya hulikuza, na kipokezi cha GPS huliwekea saa ya kufika, kisha mtandao wa watu wa kujitolea kama Blitzortung hulinganisha saa za vituo kadhaa ili kujua radi imepiga wapi. Kwa kuwa wimbi hukimbia takriban mita 300 kwa kila sehemu moja ya milioni ya sekunde, kosa dogo la saa linatosha kuihamisha radi kutoka Pongwe, upande wa bara, hadi baharini. Toa basi antena ya GPS chini ya mabati, iweke panapoonekana anga pana, na usiguse kitu kingine mpaka ishara za satelaiti zitulie.

Baada ya hapo chukua redio ndogo ya betri yenye mawimbi ya kati, itegeshe mahali pasipo na stesheni, kisha zunguka nayo nyumba nzima polepole. Ndani ya redio hiyo mna fimbo ya feraiti ya ukoo mmoja na ile ya kituo chako, nayo itanguruma kila inapokaribia kitu kinachochafua hewa: chaja ya simu, adapta ya king'amuzi, taa ya LED ya bei ya chini, kidhibiti cha chaji ya sola. Zima kimoja kimoja ukisikiliza. Kwangu mimi mkosaji mkubwa wa ndani alikuwa chaja iliyoachwa kwenye soketi bila simu, na mlio wake ulisikika hadi uani.

Kwa kelele za mtaani, dawa ni subira, kwa maana umeme ukikatika ndiyo saa ya kupima. Weka kituo na ruta kwenye betri mapema, na siku mtaa mzima utakapoingia giza, kaa mbele ya skrini na uangalie kinachobaki, kwani kinachobaki kwa sehemu kubwa ni cha mbinguni. Jambo hili lina umuhimu wa pekee jioni, wakati hesabu ya kituo inapopanda kwa sababu mbili kwa mpigo: majirani wamewasha taa na runinga, na papo hapo sehemu ya chini ya lile tabaka la juu la angahewa, inayofifisha mawimbi haya mchana, imetoweka pamoja na jua, hivyo radi za mbali sana zinaanza kufika. Asiyejua huzibana kelele na radi zote pamoja.

Njia ya kuzitenganisha ni kutazama umbo na mwendo wake. Umeme wetu wa nyumbani ni wa hezi 50, kwa hiyo vifaa vinavyoutumia mara nyingi hutoa mipigo inayojirudia kila baada ya milisekunde 10, sawasawa kama mtu anayetwanga, ilhali radi huja bila ratiba, ikianza kwa mruko mkali na kufifia upesi. Ukiona wimbi laini lisilokatika la kilohezi 19.8, usimlaumu mwenye jokofu: hicho ni kituo cha mawasiliano ya nyambizi kilichoko North West Cape, Australia, ambacho sauti yake huvuka Bahari ya Hindi. Hakiondoki kwa kuhamisha antena. Kichuje, au pandisha kizingiti, yaani kiwango ambacho chini yake kituo hakihesabu kitu, kiwe juu yake.

Sasa zungusha antena. Fimbo ya feraiti haisikii vizuri kinachotoka upande wa ncha zake, hivyo ukielekeza ncha ya fimbo moja kwenye nyumba yenye kelele, fimbo hiyo itatulia, na ile ya pili, itakayobeba kelele yote, utaipunguzia ukuzaji peke yake. Gharama yake ni kwamba radi zinazotoka upande huo, na upande ulio kinyume chake, zitadhoofika pia. Kwa mtu wa Tanga mimi ningekubali kupoteza upande wowote kuliko magharibi, maana mawingu ya radi hujengeka mara nyingi alasiri upande wa bara, kwenye milima ya Usambara. Kama kelele yako inatoka magharibi au mashariki, ni afadhali kuhamisha antena mita kumi kuliko kuizungusha.

Hapo ndipo ongeza ukuzaji, hatua moja kwa siku, ukiandika kila badiliko kwenye daftari. Kelele ya kawaida ibaki chini ya kizingiti hata saa tatu usiku, na radi ya karibu ikionyesha vilele bapa kama vilivyokatwa kwa panga, umezidisha. Ngurumo ikisikika kwa masikio, acha marekebisho, usishike waya wala antena.

Antena haihitaji mlingoti. Ndani ya bomba la plastiki la maji, chini ya paa la makuti au mbali kidogo na mabati, inafanya kazi vizuri. Ziba ncha za bomba kwa silikoni, na kila masika ikiisha fungua viungio vya kebo, kwa maana chumvi ya bahari hujenga kutu ya kijani mahali ambapo macho hayafiki.