Makala ya maisha ya mwanariadha huandikwaje?

Fainali imeisha saa tano usiku, na asubuhi unakuta makala ndefu kuhusu mshindi: kijiji alichozaliwa, mwalimu aliyemtoa darasani akamwambia akimbie, hata aina ya ng'ombe waliokuwa nyumbani kwao. Mtu hujiuliza mwandishi ameyapata lini haya yote. Hakuyapata usiku huo. Sehemu kubwa iliandikwa wiki kadhaa kabla, ikawekwa kando. Usiku wa mbio huongezwa muda, namna raundi ya mwisho ilivyokwenda, na maneno machache ambayo mkimbiaji aliyatoa alipokuwa akipita kwenye uchochoro wenye vizuizi wanaposimama waandishi. Pale unapata dakika moja, mbili ukiwa na bahati, na mtu mwenyewe bado anahema. Kwa hiyo ukitaka kuandika makala ya namna hii, kazi hasa iko kabla ya mbio.

Anza na matokeo, mtu baadaye. Mwanariadha yeyote wa kimataifa ana ukurasa wake kwenye tovuti ya World Athletics, shirikisho la riadha la dunia. Chukua daftari, nakili kwa mkono wako mashindano, tarehe, nafasi na muda. Ukifika mwisho, tafuta mahali ambapo mambo yamepinda. Kwa Joshua Cheptegei, mkimbiaji wa Uganda wa mbio ndefu, wengi hukimbilia dhahabu ya Olimpiki ya mita 5,000 ya Tokyo au ile ya mita 10,000 ya Paris 2024. Lakini ndani ya orodha yake kuna tarehe 26 Machi 2017, mbio za nyika za dunia, Kololo, Kampala: nafasi ya 30. Alikuwa anaongoza mbele ya watu wa kwao hadi ndani ya raundi ya mwisho, kisha miguu ikakataa. Tarehe 7 Oktoba 2020, Valencia, akaweka rekodi ya dunia ya mita 10,000 kwa 26:11.00. Makala iko katikati ya namba hizo mbili. John Akii-Bua naye, Mganda mwingine, kwenye Olimpiki ya Munich 1972, alipangiwa njia ya kwanza, ya ndani kabisa, yenye kona kali, ambayo mkimbiaji wa viunzi vya mita 400 haipendi. Akashinda kwa 47.82, mtu wa kwanza kushuka chini ya sekunde 48. Ukiiacha ile njia ya kwanza, umebaki na namba tupu.

Namba zenyewe zigeuze ziwe kitu ambacho msomaji anaweza kukishika. Mita 10,000 ni raundi 25. Dakika 26 na sekunde 11 ni sekunde 1,571. Gawa kwa 25, unapata karibu sekunde 63 kila raundi, mara ishirini na tano bila kupumzika. Mwambie msomaji apime raundi moja tu kwenye uwanja wa shule. Hesabu hii pia hukukinga na uongo: akikuambia kijana kwamba mazoezini hukimbia raundi 20 za sekunde 58 na kupumzika sekunde thelathini, jua kuna mahali mmepishana, labda anazungumzia mita 300. Wa mbio ndefu wa kiwango cha dunia hufikisha kilomita 160 au zaidi kwa wiki. Mtu akikutajia kilomita 300, uliza tena, siku kwa siku, kuanzia Jumatatu.

Maandalizi yakikamilika, omba ruhusa. Wanariadha wengi wa Uganda wako kwenye klabu za polisi, magereza au jeshi, na huko msimamizi wa timu lazima ajue unakuja. Kwa upande mwingine hiyo ni nafuu kwako, kwa sababu Kiswahili ndicho lugha ya kambi: unamwita afande, mazungumzo yanateleza. Nyumbani kwao ni habari nyingine. Mzazi unamwita mzee au mama, na huingii na rekoda mkononi. Sukari kilo mbili na sabuni ni adabu tu ya mgeni. Zitoe unapoaga, si unapofika, ili isionekane unanunua maneno. Pesa taslimu kwa ajili ya mahojiano usitoe kabisa. Kama mkimbiaji hajafikisha miaka 18, mzazi akubali kwanza, na ajue picha itaonekana wapi.

Tenga dakika 60 hadi 90. Usifanye mara tu baada ya mazoezi ya asubuhi. Mtu ana njaa na anataka kulala. Muda mzuri ni baada ya chakula cha mchana. Simu iwe imechajiwa, mtandao wa simu umezimwa ili mtu asipige katikati ya kurekodi, na daftari liwe wazi hata hivyo, maana upepo wa Kapchorwa, wilaya ya milimani mashariki mwa Uganda, huingia kwenye rekodi na kuvuruga sentensi nzima. Saa moja ya sauti itakula takribani saa nne za kuinakili, kwa hiyo usirekodi saa tatu kwa sababu tu unaweza.

Maswali ndiyo yanayoharibu makala nyingi. "Ulijisikiaje?" huleta "nilifurahi sana, namshukuru Mungu". Uliza vitu ambavyo jibu lake lina mahali, mtu na saa. Pale Kololo, nani alikupita kwanza? Ulimsikia au ulimwona? Viatu vya kwanza vya misumari vilikuwa vya nani, na vilikubana wapi? Kisha kaa kimya. Kimya cha sekunde tano hutoa zaidi ya swali la sita.

Ukisikia "nilikuwa nakimbia peku kwenda shule", usiandike bado. Shule gani, njia ilipanda au ilishuka, ramani ya simu inasema kilomita ngapi? Kumi mara nyingi huwa nne. Halafu swali lenyewe: na jirani yako wa dawati alipita njia gani? Kama watoto wa kijiji kizima walipita pale pale, miguu peku haielezi kwa nini huyu yuko Paris na yule yuko shambani. Hiyo peku imeshachoka, iache ipumzike.

Mahali pengine pa kuteleza ni saa. Mama akisema mwanawe huamka saa kumi na moja, ni alfajiri, 5:00 kwenye simu. Makala ikitafsiriwa kwa Kiingereza kwa haraka, kumi na moja inakuwa "eleven", na mtoto anakuwa anaamka saa tano asubuhi jua likiwa juu. Andika kando kabisa: alfajiri, kabla ya jua.

Undugu nao. Binamu huitwa kaka, na mtoto wa mama mkubwa ni kaka vilevile. Uliza waziwazi: baba mmoja, mama mmoja? Na usitegemee jina. Joshua Cheptegei na marehemu Rebecca Cheptegei, aliyekimbia marathoni Paris 2024, hawakuwa ndugu. Wakimbiaji Jacob Kiplimo na Oscar Chelimo ni ndugu, ingawa majina hayafanani, na huyo Chelimo ni mwanamume. Aliyezoea kwamba majina yanayoanza na Che- ni ya wanawake tu ataandika "dada yake" na kijiji kizima kitacheka. Wilaya pia ithibitishe: Bukwo ilimegwa kutoka Kapchorwa, kwa hiyo hati ya zamani inaweza kusema moja na mtu akasema nyingine, na wote wawili wako sahihi. Bukwo ndiko anakotoka Peruth Chemutai, mwanamke wa kwanza wa Uganda kushinda dhahabu ya Olimpiki, Tokyo, mbio za mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Makala zinazomwita "binti wa Kapchorwa" zinaweza kuwaudhi watu wa kwao, na si bila sababu.

Mzazi akizungumza Kupsabiny tu, lugha ya huko Kapchorwa na Bukwo, tafuta mkalimani asiye wa familia. Mama akiongea dakika mbili huku akionyesha kilima kwa kidole, na mpwa akatafsiri "anasema alikuwa na bidii", umepoteza makala yako yote mahali hapo. Rekodi sauti ya mama yenyewe, umpe mtu mwingine aisikilize baadaye.

Kila jambo zito litafutie mtu wa pili: mwalimu, kocha, mkimbiaji mwenzake. Orodha ya waliofungiwa kwa dawa zilizokatazwa iko wazi kwa umma, itazame kabla ya mahojiano. Ugonjwa, mimba na mambo ya mwili hayaandikwi mpaka mwenyewe aseme yaandikwe. Fedha za zawadi usiziweke pamoja na maelezo ya nyumba ilipo. Ni kumwitia wezi na ndugu wa ghafla.

Kuandika kwenyewe, kwa makala ya maneno 800, fungua kwenye tukio moja kwa maneno kama 120, bila tarehe ya kuzaliwa. Utoto upe aya mbili, si zaidi. Mazoezi yapewe nafasi kubwa, maana huko ndiko msomaji asikokujua.

Kabla ya kutuma, mpigie mwanariadha umsomee nukuu zake na tarehe, si makala nzima. Ukimsomea yote, kocha ataanza kukuhariri. Jina aliandike mwenyewe kwenye daftari lako. Inzikuru wa Uganda, bingwa wa dunia wa mita 3,000 kuruka viunzi na maji, Helsinki 2005, mpaka leo jina lake la kwanza linaandikwa Dorcus hapa na Docus pale. Kosa likitokea, rekebisha toleo la mtandaoni siku hiyo hiyo, kwa sababu mwandishi wa fainali ijayo atanakili kwako.