Funika jibu, fungua mstari mmoja

Ukikwama kwenye swali gumu la hesabu la kidato cha nne, usisome jibu lote. Lifunike kwa karatasi, fungua mstari mmoja tu, funika tena, malizia mwenyewe. Mfano: jumla ya namba kati ya 1 na 200 zinazogawanyika kwa 7. Ukishaona mstari wa kwanza, 7, 14, ... 196, inatosha; malizia mwenyewe: namba ni 28, jumla 2,842. Mara nyingi kinachokwamisha ni pa kuanzia, si kukokotoa, na jibu zima hukudanganya kwamba umeelewa. Mada usiyoisoma kabisa, mbinu hii haikusaidii, rudi kwenye daftari. Na yale majibu ya kudurufu yanayoruka hatua, achana nayo.