Yadi baada ya kudaka: zigawe kabla ya kuzisifu
Kwenye futiboli ya Marekani, usipime mashambulizi ya timu kwa jumla ya yadi baada ya kudaka, yaani zile anazokimbia mpokeaji akishadaka pasi. Timu inayorusha sana itaonekana kali bure. Gawanya kwa idadi ya pasi zilizodakwa. Kisha tenga pasi zilizodakwa nyuma ya mstari wa kuanzia mchezo (pale mpira unapowekwa kila jaribio linapoanza), maana hizo ndizo zinazodanganya: mpokeaji akidaka yadi 3 nyuma ya mstari na kukimbia 8, anaandikiwa 8 ilhali timu imesogea 5 tu. Pasi za urefu tofauti nazo huzaa yadi tofauti baada ya kudaka, kwa hiyo linganisha zenye urefu unaokaribiana. San Francisco 49ers, timu ya kocha Kyle Shanahan, ni mfano mzuri wa kuanzia kupima hivyo.