Pima mchanga kabla ya kununua kiwanja cha ufukweni

Nafundisha jiografia Malindi, na hakukosekani mtu wa kuniomba nikamtazamie kiwanja cha pwani. Namwambia aje na ndimu, sumaku, chungwa na miti miwili iliyolingana. Wengi hudhani nawatania.

Ndimu kwanza. Weka mchanga kidogo kwenye sahani, uloweshe kwa maji baridi ili hewa iliyonaswa itoke, kisha kamulia. Ukitoa vipovu, hiyo ni chokaa: vipande vya matumbawe, makombe, mwani mgumu, na kinyesi cha pono, samaki atafunaye mwamba wa matumbawe apate mwani na kutoa mchanga. Mchanga mweupe wa Watamu huchemka hivyo. Wa Malindi mjini haushtuki sana, maana mwingi umetoka bara. Mto Sabaki, unaoanza kama Athi huko karibu na Nairobi, humwaga udongo baharini kaskazini kidogo ya mji; ndiyo sababu ufuo wetu ni wa kahawia na una ulanga unaometameta.

Tofauti hiyo ina maana kwa mnunuzi. Mchanga wa chokaa unalishwa na mwamba ulio mbele yako. Mwamba ukifa, chakula kimekatika. Wa mto hutegemea mto. Kunduchi, Dar es Salaam, uchimbaji wa mchanga mitoni ni miongoni mwa sababu zinazotajwa za bahari kula ufuo.

Sumaku ya spika mbovu yatosha. Ifunge kwenye mfuko wa nailoni, la sivyo utakesha ukiisafisha. Ipitishe kwenye michirizi myeusi. Chembe zitakazonata ni za madini mazito. Mawimbi huzoa chembe nyepesi na kuyaacha hayo, kwa hiyo utando mpana mweusi chini ya tuta, hasa baada ya bahari kuchafuka, hunitia wasiwasi: mchanga mwepesi umeshaondoka.

Chungwa ni la mkondo. Huelea likiwa limezama karibu lote, upepo haulisukumi sana. Litupe nyuma kidogo ya mawimbi yanapovunjikia, ulifuate kwa miguu dakika 10, uone linaelekea wapi. Wakati wa upepo wa kusi, takriban Aprili hadi Oktoba, mawimbi hutoka kusini-mashariki na kusukuma mchanga kuelekea kaskazini. Kaskazi ikivuma, mambo hugeuka, na maji mekundu ya Sabaki huja Malindi. Aliyeuona ufuo Januari tu ameona nusu.

Sasa miti, na hapa ndipo kazi ilipo. Iwe ya mita 1.5, yenye alama za sentimita kutoka nchani kushuka. Njia hii ilielezwa na mwanajiolojia K. O. Emery mwaka 1961 na haihitaji mashine yoyote. Nenda maji yakiwa yamekupwa siku ya bamvua, yaani yanapokupwa mno, uanzie kwenye kitu kisichohama, kama kona ya nyumba ya mawe. Mnazi haufai, nao huanguka. Mwenzako asimamishe mti wa pili upande wa bahari, umbali wa mita 2. Simama nyuma ya mti wako, upitishe jicho kwenye ncha ya mti wake hadi bahari inapokutana na mbingu. Jicho likikata mti wako sentimita 14 chini ya ncha, ufuo umeshuka sentimita 14. Andika, sogeeni, rudieni mpaka majini. Mkifika mahali panapopanda kuelekea baharini, tazama kutoka ncha ya mti wako na usome mti wake. Kukiwa na ukungu, rudini nyumbani.

Pima Julai, pima tena Februari, chora mistari yote miwili kwenye karatasi moja, uone mchanga umepungua au kuongezeka wapi.

Mwisho tembea ufuo mzima ukitafuta kuta zilizoingizwa baharini. Mchanga hujaa upande mmoja, upande wa pili ukabaki na njaa. Kiwanja cha upande huo wenye njaa mara nyingi utaambiwa ni cha bei ya kutupa. Mimi singekichukua hata kwa nusu yake.